Chuma cha kunolea visu: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Kile chuma kirefu chenye mpini, kile muuza nyama anachokipangusia kisu cha-cha-cha kabla hajakukatia nusu kilo, hakinoi. Yani hakinoi vile tunavyodhani, na hapo ndo wengi wanapopigwa hela. Mi mwenyewe niliamini kinanoa mpaka siku muuza nyama wa mtaani kwetu, mzee wa makamo hivi, aliponiita upande wake wa kaunta akakishika kisu makali juu kuelekea taa, akaniambia angalia. Kulikuwa na kamstari kanang'aa, kafupi tu kama punje mbili za mchele. Makali yakiwa sawa hayarudishi mwanga, ukiona panang'aa ujue pamekunjika au pameliwa. Akapitisha kwenye chuma mara tatu huku mara tatu kule, bila nguvu kabisa, akanionyesha tena, kamstari hakapo. "Hakikuwa butu mwanangu, kililala tu, nimekiamsha."

Basi ndo kazi yake hiyo, kuamsha makali yaliyolala. Kisu kilichokufa kabisa, ambacho nyanya inabonyea mpaka inatoa maji kisu bado hakijaingia, hicho hata ukipitishe kwenye chuma mara mia hutapata kitu, kinataka jiwe, kile kinoo cha pande mbili. Nasema hivi mapema ili usije ukanunua chuma cha bei halafu ukaja kukilaumu.

Sasa nipange kuanzia ambacho ningenunua leo nikiwa na hela mkononi.

Namba moja: chuma chenye mistari midogo midogo. Midogo, sio ile mikubwa. Sababu ni visu vyetu wenyewe, visu vingi vya jikoni tunavyotumia ni vya chuma laini, hata vile vizuri vya mpini mweupe wa plastiki unavyoviona buchani kama Victorinox ya Uswisi au Tramontina ya Brazili viko kwenye ugumu wa kama 54 mpaka 57 hivi kwa kipimo cha Rockwell (kipimo cha ugumu wa chuma, namba ikipanda ugumu unapanda). Chuma laini kinalala haraka ila pia kinaamka haraka, kwa hiyo kisu cha namna hii na chuma cha mistari midogo ni kama uji na kata. Wajerumani F. Dick wanatengeneza hivi vitu miaka mingi, kampuni yenyewe imeanza 1778, na ukikutana na chuma chao ambacho si feki utakirithisha. Ila sio lazima jina kubwa, cha muhimu ni chuma kiwe kigumu kuliko kisu. Kikiwa laini, kisu ndo kinakwangua chuma, nimeshaona hiyo, chuma kimejaa michirizi kama kimeparuliwa na paka.

Namba mbili ni cha kauri, vile vyeupe au vyeusi. Kwa kweli kwa makali tu, hiki ndo kingekuwa namba moja. Kauri inanyoosha na pia inakula chuma kidogo sana, kwa hiyo kisu kinachoanza kuchoka kinapata uhai bila kwenda kwenye jiwe, na kama una kisu cha Kijapani (siku hizi ndugu zetu wa Uarabuni na Ulaya wanatuletea) hiki ndo chako, maana visu vile viko 60 kwenda juu, vigumu halafu vinamomonyoka, ukivipitisha kwenye chuma cha mistari vinatoa mapengo. Mbona nimekishusha basi? Kwa sababu kinavunjika. Changu kilikaa miezi minne, siku ya nne ya Ramadhani nakimbizana na futari kikaponyoka mkononi kikapiga marumaru, vipande vitatu. Kipande kirefu bado ninacho nanolea kisu cha matunda, ila roho inauma. Kama sakafu yako ni ngumu na una watoto wanaochokora droo, fikiria mara mbili. Halafu kinashika weusi, ule weusi ni chuma cha kisu kimejaa juu yake, kisugue na sabuni ya kusugulia masufuria kila ukikiona kinateleza.

Namba tatu, na mtanicheka, ni kitako cha kikombe. Cha bure kabisa. Geuza kikombe cha udongo au sahani ya kauri, utaona duara kule chini halijapakwa rangi ya kung'aa, linakwaruza ukiligusa na kidole, basi lile ni kauri kama ile ya dukani tu. Bibi zetu walikuwa wanafanya hivi na hakuna aliyewafundisha. Tatizo ni padogo, kisu kirefu utahangaika nacho, na ukizubaa unajikata. Lakini kwa mtu anayekatakata vitunguu na nyanya za nyumbani tu, jaribu hiki kabla hujatoa hata shilingi. Kizingiti cha saruji usikiguse lakini, kile kinatafuna.

Kile kilichosuguliwa laini kabisa bila mistari ni kizuri, ila ni cha wachinjaji na watu wa bucha wanaonyoosha kila baada ya dakika kumi. Wewe unayenyoosha kwa wiki mara mbili utaona kama hakifanyi kitu. Pita.

Cha almasi ndo wauzaji wanachokisifia sana na ndo kinachopoteza watu. Kinakula chuma, tena kwa kasi, kile ni jiwe lililovaa nguo za chuma cha kunyooshea. Kikitumika kila siku kisu kinakonda, miaka miwili unabaki na kitu kama sindano. Cha bei rahisi ndo balaa zaidi, nilinunua kimoja dukani mjini, wiki ya tatu ile unga ya almasi imebanduka katikati pamebaki pamepauka na kuteleza, kurudisha nikaambiwa nimekitumia vibaya. Haya.

Na mkiani kabisa: kile kinachokuja ndani ya seti ya visu, visu sita na mkasi na kibanda cha mbao. Mistari yake mikubwa kama tupa, kimepakwa maji ya kromu ambayo yanabanduka. Kile kinachana makali badala ya kuyanyoosha. Kiache kikae kwenye kibanda kwa urembo. Hapo hapo niweke na vile vidude vya kuvutia kisu kwenye tundu la V, pamoja na fundi wa baiskeli anayenoa kwa gurudumu. Fundi simsemi vibaya, kwa panga na jembe nampelekea mwenyewe, ila kisu chembamba kikipata moto kwenye lile gurudumu mpaka makali yanageuka bluu, ugumu umeshakwenda na hautarudi.

Urefu: chuma kiwe kirefu kuliko kisu chako kikubwa. Kisu cha sentimita 20, chukua chuma cha 25 au 30. Ukiwa kati kati chukua kirefu.

Kutumia sasa, na hapa msiige wale wa kwenye video wanaorusha mikono hewani. Weka kitambaa juu ya ubao, simamisha chuma ncha chini, kibane kabisa kisiteleze. Weka kisu kikiwa mraba na chuma, ipunguze ile pembe nusu, halafu nusu tena, halafu kidogo tu, hapo uko kwenye nyuzi kama 20, ya kisu cha Kijapani laza zaidi, kama 15. Anza na kitako cha kisu juu, shuka huku ukikivuta kwako mpaka ncha imalizikie chini. Upande wa pili vile vile. Tano huku tano kule inatosha, mbili za mwisho ziwe nyepesi kama unafuta vumbi. Kosa la wote ni kukandamiza, mtu anakandamiza kama anakuna nazi, makali yanalala upande wa pili. Sauti inakuambia: ikiwa nyororo na ya mfululizo uko sawa, ikikwaruza ujue umenyanyua pembe au kuna pengo. Ukimaliza futa kisu na kitambaa kibichi, kuna unga wa chuma pale na hutaki uingie kwenye kachumbari. Kisu cha mkate chenye meno usikipitishe kabisa.

Ukifika dukani, kabla hujalipa, pitisha ukucha kwa kuzunguka chuma. Kikikuparua ukucha mpaka unatoa unga, kirudishe, hiyo ni tupa. Uusikie mstari kwa mbali tu. Angalia na pale mpini unapoungana na chuma, kikicheza hata kidogo achana nacho, na ule mduara wa kukinga vidole uwepo. Mi siku hizi naenda na kisu changu kabisa nimekifunga kwenye gazeti, namwomba muuzaji nipitishe mara mbili tu. Kwenye maduka yanayouza vifaa vya bucha hawana shida na hilo, kwenye supamaketi mlinzi atakufuata.