Wanaojaza fomu za viza Mwanjelwa: nawapa nyota nne

Kama uko Mbeya na una mzazi wa kupeleka kwa watoto ughaibuni, usikimbilie Dar kutafuta wakala. Kuna ofisi ndogo ghorofani, jirani na soko la Mwanjelwa, wanaotoa fotokopi na kujaza fomu za mtandaoni. Dada yangu yuko Edmonton, Kanada, na anataka mama akakae naye. Mimi ndiye niliyebaki nyumbani, kwa hiyo kuhangaika na makaratasi ni kazi yangu.

Kabla yao nilipita kwa wakala mwingine, akaniambia "viza ya uhakika", nilete milioni tatu. Binti wa Mwanjelwa hakuzunguka: "Kaka, viza anatoa Mkanada, sisi tunajaza tu." Hapo hapo nikamwamini.

Alitufafanulia kwamba kumdhamini mzazi apate ukaazi wa kudumu Kanada ni mpaka mtoto apate mwaliko wa kuomba, na wanaotaka ni wengi kuliko nafasi. Kuna njia nyingine inaitwa super visa. Mama anaingia kama mgeni, ila anaweza kukaa hadi miaka 5 kwa safari moja. Haruhusiwi kufanya kazi. Mama akauliza kama kubeba mjukuu mgongoni nako ni kazi.

Dada alitakiwa kuleta barua ya mwaliko, uthibitisho kuwa kipato chake kinafika kiwango kulingana na idadi ya watu nyumbani kwake, na bima ya afya ya mama, angalau ya mwaka mmoja na isiyopungua dola 100,000 za Kanada. Alipotuma makadirio ya bei ya bima, binti akayarudisha: wanataka bima iliyokwisha kulipiwa, japo kwa awamu.

Lakini kilichonikosha ni suala la majina. Pasipoti na kitambulisho cha NIDA vinamwita mama Rahel. Cheti cha kuzaliwa cha dada, kilichotolewa Tukuyu enzi hizo, kinasema mama mzazi ni Tupokigwe. Sisi nyumbani hatujawahi kuona tatizo, kila mtu anajua ni yuleyule. Binti alipanga karatasi zote mezani, akashusha rula mstari kwa mstari, akasimama hapo. Ofisa wa Kanada atajuaje kwamba huyu Rahel ndiye aliyemzaa huyo anayemwalika? Halafu akamgeukia mama, si mimi: "Shikamoo bibi. Jina la Rahel ulipewa lini?" Mama akaanza kusimulia ubatizo wake, Kiswahili kikamwishia katikati, akamalizia Kinyakyusa. Binti akamsikiliza mpaka mwisho, akamjibu Kinyakyusa hichohicho, kisha akatuelekeza kwa wakili tukaape kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Wakili hakuwa wa kwao wala hawakuchukua chochote hapo.

Walituzuia pia kwenda kumpima mama afya hospitali yoyote tu; vipimo vya viza hufanywa na daktari aliyeteuliwa na Kanada wenyewe. Alama za vidole hatukukwepa: wanaosamehewa kwa umri ni waliopita miaka 79, na mama ana 76. Miadi ya Dar walitushikia wao.

Sasa lawama. Bei ya kujaza ni elfu sabini, lakini kuskani wanahesabu kila ukurasa, na ukurasa mmoja ukitoka na kivuli unalipia tena. Hilo waseme mapema. La pili ni kubwa zaidi: walitaka kufungua akaunti ya maombi kwa barua pepe ya ofisi. Kataeni. Ujumbe wote kutoka Kanada unaingia humo, na siku binti akihama kazi mtamtafuta wapi? Nilipong'ang'ania waliweka ya kwangu bila kununa, na nywila ninayo mimi.

Majibu ya viza bado, kwa hiyo nyota hizi ni za kazi ya mezani tu. Ukienda na mzee mwenye magoti mabovu, mwache chini kwa mama wa vitenge, kuna benchi. Piga kelele kutoka ngazini, binti atashuka na faili.