Kununua ardhi au kumlipa mkulima?
Tangu 1934 huko Marekani, mwindaji wa batamwitu hununua stempu ya serikali kama kibali cha kuwinda, na pesa hizo hulinda mabwawa wanakozalia bata hao. Njia kuu ni mbili. Serikali inanunua ardhi: ulinzi kamili, ila ghali. Au inamlipa mkulima. Shamba linabaki lake, lakini haruhusiwi kukausha bwawa, na kwenye mikataba ya kulinda nyasi hafyeki kabla ya Julai 15. Tarehe hiyo ina maana kubwa: bata jike hutaga chini, majanini, na kufunika mayai kwa manyoya ya kifua chake, hivyo kufyeka mapema kungeyaharibu.

Kwetu Lubumbashi, Kongo, nikiliwaza Ziwa Tshangalele na ndege wake wa majini, upande wa Likasi, nachagua njia ya pili bila kusita. Wavuvi wanaishi palepale. Kuwahamisha ni dhuluma. Walipwe wasichome matete.