Jaketi la povu au la kujaza gesi: lipi linatimiza sheria ya boti Florida?

Sheria inataka kila aliyemo botini awe na jaketi la kuokolea maisha lililoidhinishwa na Walinzi wa Pwani wa Marekani, linalomtosha mwilini. Mtoto wa chini ya miaka 6 lazima alivae chombo kikiwa mwendoni, ikiwa boti haifiki futi 26. Hapo jaketi la povu linashinda moja kwa moja, kwa sababu la gesi halijaidhinishwa kwa aliye chini ya miaka 16. Kwenye pikipiki ya maji la gesi limepigwa marufuku kabisa, hata kwa mtu mzima.

Kwa bei, la povu ni nafuu, na matunzo yake ni kulianika kivulini na kukagua mishono na vifungo. La gesi ni jepesi, halichomi kwa joto, kwa hiyo watu hukubali kulivaa kutwa nzima. Faida hiyo ni kubwa: jaketi lililofungiwa kabatini halimsaidii aliyekwisha kuanguka majini.

Lakini la gesi linadai ukaguzi zaidi. Hakikisha kiashiria, kinachoonyesha kama jaketi liko tayari, ni cha kijani, na mtungi wa gesi umekazwa wala haujatobolewa. Kwenye jaketi linalojijaza lenyewe, kidonge kinachoyeyuka kwenye maji ili kufungulia gesi huharibika kwa unyevunyevu na kinaweza kulifyatua bila sababu. Kibadilishe kwa tarehe yake. Lijaze kwa mdomo, liache usiku kucha, likinywea, linavuja.

Mvuvi mzima anayejua kuogelea atafurahia la gesi. Mwenye watoto, au asiyependa ukaguzi, achukue la povu.