Cowboy Magic kwa mkia wa farasi wa shoo, naikubali kabisa

Mimi ni saisi, kwetu Mombasa ila kazi iko huku Oman na farasi wa Kiarabu, na kwa upande wa mkia kichupa ambacho sikubali kiishe stoo ni hiki cha Cowboy Magic, ile Detangler & Shine ya Marekani, jeli ya kufungua mafundo na kung'arisha singa.

Farasi wa Kiarabu kwenye shoo mkia hausukwi, anaingia nao wazi. Majaji hawatoi maksi za mkia peke yake, wanaangalia umbo la asili, kichwa na shingo, mwili, miguu na mwendo, lakini akianza tu kukimbia mkia unapanda juu unapepea na hapo kama una mafundo kila mtu anauona.

Sasa nina jike moja la kijivu, mkia ulikuwa unakaribia kwato. Niliporudi likizo nikakuta mtu kamchana na kitana cha chuma tena mkia mkavu, singa zimelala kwenye maranda fungu zima. Roho iliniuma jamani, manake singa ikikatika kurudi urefu ule ni miaka.

Nikauosha, nikasuuza mpaka maji yanatoka safi (sabuni ikibaki kwenye ngozi farasi anawashwa, atajisugua ukutani mpaka pale juu paote kipara), nikauacha ukauke. Jeli yenyewe nzito, inateleza, kiasi cha sarafu ya shilingi ishirini kiganjani kinatosha fundo, unaipikicha mikononi kwanza ndio unapaka, halafu unachambua kwa vidole kuanzia nchani ukipanda. Kulikuwa na fundo moja gumu kama kokwa la embe, ndani limekamata maranda na mwiba, nishashika na mkasi, lakini nikatulia nalo kama dakika kumi likaanza kuachia singa mojamoja mpaka likaisha bila kukata hata kidogo. Brashi ni mwisho kabisa, na iwe ya meno mapana.

Usiimwage tu, ukizidisha mkia unashika vumbi. Na ina silikoni, kwa hivo isifike mgongoni pale tandiko linapokaa, litateleza na mtu juu. Kuoshea mimi natumia Mane 'n Tail, ndio hiyohiyo dada zetu wanayooshea nywele, ilianza kwa farasi.

Siku zisizo na shoo nausuka mkia legelege nautia kwenye mfuko wa kitambaa, nafunga chini ya kifupa cha mkia, kamwe sio juu yake, ukibana pale damu haipiti na unaweza kumharibu mnyama. Kila baada ya siku chache naufungua nauangalia.

Juzi nimeupima wa yule jike, umebakisha viganja viwili kufika pale ulipokuwa.