Mkongwe Yuko Sokoni: Timu Tano za Justin Verlander, Kuanzia Inayomfaa Zaidi

Fundi anayenitengenezea gari hapa Houston ni mtu wa Mombasa, na sijawahi kumwona akikaa mpaka mwisho wa mechi hata moja ya besiboli. Lakini wiki hii, Novemba 2025, nilipomwambia kwamba mrushaji Justin Verlander anatafuta timu tena, aliweka spana chini akauliza swali ambalo wakubwa wa timu zote 30 za ligi kuu ya Marekani wanajiuliza: "Ametembea kilomita ngapi huyo?"

Nikamwambia: mkono wa kulia, miaka 42, Februari 20 anatimiza 43, umesharusha zaidi ya vipindi 3,500 (mechi nzima ya kawaida ina tisa).

"Injini ishafunguliwa?"

Ishafunguliwa. Mwaka 2020, kiwiko, ule upasuaji wanaouita Tommy John.

"Basi usiangalie rangi. Washa, usikilize."

Ndicho ninachotaka tufanye hapa. Soko la wachezaji huru limefunguka siku tano baada ya fainali kumalizika kule Toronto, na kwa waliozoea dirisha la usajili la soka, tofauti kubwa ni kwamba hakuna ada ya kulipa timu aliyotoka. Mkataba umekwisha, mtu anaondoka na begi lake. Kwa hiyo wanunuzi ni wawili: timu inanunua mkono, na mzee ananunua mahali pa kuutumia. Mwongozo huu nimeuandika kutoka upande wa mzee, kwa sababu magazeti ya huku yanajua kuandika upande wa timu tu.

Kabla ya kuchagua duka, jua unachonunua. Verlander hatafuti hela ya kula. Pete za ubingwa anazo mbili, 2017 na 2022. Tuzo ya Cy Young, ile ya mrushaji bora wa mwaka, anayo mara tatu. Anachokifukuza, na amekisema hadharani, ni kucheza mpaka miaka 45 na kufika ushindi 300. Sasa hivi anao 266. Waliowahi kufika 300 ni 24 tu katika historia yote ya mchezo huo, na wa mwisho ni Randy Johnson, Juni 2009, akiwa na umri wa miaka 45.

Ushindi 34, basi. Na hapa ndipo watu wengi wanapokosea hesabu. Mrushaji anayeanza mechi haandikiwi ushindi kwa kurusha vizuri. Anaandikiwa akimaliza angalau vipindi vitano na kuondoka uwanjani timu yake ikiwa mbele, na warushaji wa akiba wakaulinda huo uongozi mpaka mwisho. Ukirusha kama malaika na wenzako wakapiga hewa, huna kitu.

Mwaka huu, akiwa na San Francisco Giants, mzee alianza mechi 29 na kuruhusu wastani wa mikimbio, yaani pointi za wapinzani, 3.85 kwa kila vipindi tisa. Kwa mtu wa umri wake hiyo ni injini inayowaka asubuhi ya kwanza bila kusukumwa. Rekodi yake? Ushindi 4, kupoteza 11. Ushindi wa kwanza aliupata Julai 23 kule Atlanta, wakati huo ameshapoteza 8. Kwa hiyo nasema waziwazi, na orodha yote hapa chini imepangwa kwa kipimo hiki: asinunue mshahara, wala mji, wala uwanja mzuri. Anunue wapigaji. Anunue na nafasi ya kudumu ya kuanza kila zamu yake ikifika, maana mzee asiyepangwa hashindi chochote.

Kuhusu bei, soko lilishajisema lenyewe kabla ya msimu huu. Verlander alisaini mwaka mmoja kwa dola milioni 15. Charlie Morton, miaka 41, Baltimore, milioni 15. Max Scherzer, miaka 40, Toronto, milioni 15.5. Alex Cobb, kijana kidogo kwao kwa miaka 37, Detroit, milioni 15. Magari manne ya zamani kwenye yadi moja, bandiko la bei karibu sawa. Tazama yalivyotembea. Verlander mechi 29. Scherzer mechi 17 na wastani mbaya wa 5.19, halafu akapewa mpira kuanza mechi ya saba ya fainali, mtu mzee kuliko wote waliowahi kuanza mechi ya saba, na akaruhusu mkimbio mmoja tu kabla ya kutoka kipindi cha tano. Morton aliharibika Baltimore, akapelekwa Detroit Julai, akaachwa Septemba. Cobb hakurusha mpira hata mmoja katika mechi ya Detroit msimu mzima. Milioni 15, hata kuwashwa gari halikuwashwa.

Haya, twende kwenye orodha.

1. Detroit Tigers

Hapa ni nyumbani. Walimchagua wa pili katika draft ya 2004, ule mgao wa vijana wapya kwa timu, akaanza ligi kuu Julai 2005, na katika ushindi wake 266, 183 ameupata akiwa na jezi yao. Mwaka 2011 alishinda mechi 24 akapoteza 5, akabeba Cy Young na tuzo ya mchezaji bora wa ligi kwa pamoja. Lakini mimi siwaweki wa kwanza kwa ajili ya machozi ya mashabiki. Nawaweka kwa sababu wana vitu vyote viwili anavyohitaji.

Wapigaji wapo. Riley Greene alivusha ukuta mipira 36 msimu huu, Spencer Torkelson 31. Timu ilishinda mechi 87 na ikatolewa na Seattle katika mechi ya tano iliyokwenda vipindi 15, mikimbio 3 kwa 2, usiku ambao nililala saa nane na asubuhi nilikuwa na zamu.

Nafasi ipo. Tarik Skubal ndiye mfalme wa pale, na Jack Flaherty amebaki. Baada ya hapo kuna maswali. Jackson Jobe, kijana waliyemtegemea, alifanyiwa upasuaji wa kiwiko Juni, na Reese Olson alimaliza msimu bega likimsumbua. Mtu wa nne au wa tano wa kuanza wanamhitaji kweli. Na kocha ni A.J. Hinch, aliyekuwa naye Houston wakati wa ubingwa wa 2017. Mzee hahitaji kumweleza mtu mazoea yake: kwamba huanza mechi taratibu kama mzee anayeshuka ngazi, halafu kipindi cha sita, wakati wenzake wanachoka, ndiyo kasi inapanda.

Kasoro ni moja, na ni kubwa. Detroit ndio waliouziwa Cobb, na ndio waliompokea Morton. Ukiwa umeng'atwa mara mbili kwa mwaka mmoja, hata jani likicheza unaruka. Wataleta bei ya chini, na mzee itabidi ameze mate. Aprili kule nako baridi inauma vidole, na mrushaji ni vidole.

Kuna na suala la kofia. Akiingia kwenye jumba la heshima kule Cooperstown, picha yake kwenye bamba la shaba itavaa kofia ya timu moja. Watu wa Houston tunajidai ni yetu. Ushindi 183 unasema vingine.

2. San Francisco Giants

Kubaki mahali pamoja si uvivu. Anawajua, wanamjua, na uwanja wao una hewa nzito ya baharini inayokamata mipira iliyopigwa juu, ambayo ndiyo mipira anayotoa zaidi. Nusu ya pili ya msimu huu alikuwa mtu mwingine kabisa. Buster Posey, anayeendesha timu sasa, alikuwa mdakaji wa mipira ya warushaji, kwa hiyo anaelewa mzee anahitaji nini asubuhi baada ya kurusha mipira 95.

Ila Giants walimaliza 81 kwa 81, nusu kwa nusu kama mizani ya dukani, wakamfukuza kocha na kumleta Tony Vitello kutoka chuo kikuu cha Tennessee. Wapigaji walewale waliomnyima ushindi wengi wao bado wapo. Rafael Devers watakuwa naye tangu mwanzo wa msimu safari hii, na hilo litasaidia. Litasaidia kiasi gani, sijui, wala sijui kama lingenishawishi mimi nimwambie baba yangu asaini.

Halafu kuna kichekesho ambacho mashabiki wa Detroit hawakisahau: fainali ya 2012, mechi ya kwanza, uwanja huohuo wa San Francisco, Pablo Sandoval alivusha ukuta mipira miwili ya Verlander. Miaka 13 baadaye mzee akaenda kupanga nyumba mji huo.

3. Houston Astros

Hapa niseme ukweli kwamba moyo unavuta upande. Nilimwona mara ya mwisho kwa macho yangu 2024, niko viti vya juu upande wa kulia, karanga mkononi. Aliruhusu mpigaji wa pili kufika kituo cha kwanza, akageuka akatazama ukuta wa nyuma, akaokota kile kifuko cha unga wa kukausha vidole, akakirusha juu kidogo, akakidaka kwa nyuma ya mkono, akakiacha kianguke. Hakuharakishwa na mtu. Vumbi jeupe lilibaki linaelea pale alipokuwa amesimama. Mpira uliofuata ulipigwa, nakumbuka mlio wake mpaka leo, na sikuhitaji kutazama ulikokwenda.

Msimu ule wastani wake ulikuwa 5.48, bega na shingo vikimsumbua, mechi 17 tu. Mchujo ulipofika walimwacha nje ya kikosi, na waliotutoa walikuwa Detroit. Mtu hasahau hilo haraka.

Faida za hapa ni za mfukoni na za familia. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, wakati California inachukua zaidi ya asilimia 13 kwa watu wa kipato kama chake, kwa hiyo milioni 12 ya Houston si mbali sana na milioni 15 ya San Francisco. Warushaji waliumia wengi mwaka huu, Framber Valdez naye yuko sokoni, nafasi itakuwepo. Lakini ukuta wa kushoto wa uwanja wetu uko futi 315 tu kutoka kwa mpigaji. Kwa mrushaji ambaye mipira yake hupigwa juu, hapo ni kupanga chumba chenye dari fupi na wewe ni mrefu.

4. Toronto Blue Jays

Wapigaji wazuri mno, karibu wawe mabingwa. Na uwanja ule unampenda isivyo kawaida: katika mechi zake tatu ambazo hakuna mpigaji aliyefanikiwa kumpiga, mbili, ya 2011 na ya 2019, alizirusha Toronto. Ingekuwa wapigaji peke yao, ningewaweka juu kabisa. Tatizo ni foleni. Kevin Gausman yupo, Shane Bieber amekubali kubaki, Trey Yesavage ni kijana aliyechanua wakati wa mchujo, José Berríos ana mkataba mrefu. Mzee atakuwa nyuma ya foleni akisubiri mtu aumie.

5. Baltimore Orioles

Wana fedha, wana vijana wanaojua kupiga, wana shida ya warushaji inayoonekana hata kutoka barabarani. Pia walimaliza mkiani mwa kundi lao kwa 75 kwa 87, na mzee waliyemnunua kwa milioni 15 alikuwa Morton. Aende huko simu nyingine zisipolia.

Los Angeles Dodgers siwaweki kabisa. Wana warushaji wa kugawa, na mzee angekaa benchi kwa heshima kubwa.

Sasa mkataba wenyewe. Mwaka mmoja, asikubali wala asiombe zaidi. Mshahara wa msingi ushuke hadi milioni kumi au kumi na mbili, kisha kila hatua ilipwe: mechi 15, mechi 20, mechi 25. Timu iliyouziwa Cobb itaelewa lugha hiyo haraka kuliko hotuba yoyote ya wakala. Na kuwe na kifungu cha kukataa kuuzwa katikati ya msimu bila ridhaa yake, maana New York Mets walishamuuza katikati ya msimu wa 2023, ingawa kwa ridhaa yake. Vipimo vya daktari viangalie bega kwanza, kiwiko baadaye, kiwiko kilishatengenezwa.

Asiwe na haraka. Mara iliyopita alisaini Januari. Kambi za mazoezi zinafunguliwa katikati ya Februari, Tigers kule Lakeland, Florida, na Giants Scottsdale, Arizona, siku chache kabla ya yeye kukata keki. Ukiona keki imekatwa na jezi hakuna, Detroit wameshamchukua mtu mwingine, na kuanzia hapo simu zitapigwa kila kijana fulani wa miaka 24 atakapoushika mkono wake katikati ya mazoezi na kumtazama daktari. Bei itakuwa ya chini ya zote nilizotaja. Fundi wangu anasema magari mazuri ya zamani yeye huyanunua wakati huo huo, mwenye gari akiwa amechoka kulipia maegesho.