Uzoefu wangu: kulala kwenye shamba la mizeituni Umbria, msimu wa kuchuma

Nilipomwambia shangazi kwamba nimelipa hela ili nikachume zeituni za watu, alicheka hadi akashindwa kuongea. Kwake yeye, anayeingia shamba la mtu hupewa ujira, hatoi. Hoja anayo. Mimi nimerudi na nasema ningelipa tena, ila si kwa ajili ya kuchuma.

Naishi Roma. Mahali penyewe ni agriturismo, yaani shamba linalolaza wageni na kuwapikia, kwenye mteremko kati ya Spoleto na Foligno, jirani na mji wa Trevi mkoani Umbria. Trevi hii si ile ya chemchemi ya kutupia sarafu. Treni inakushusha chini bondeni na mji uko juu kilimani, kwa hiyo kama huna gari waambie mapema waje kukupokea. Sisi walitupokea kwa wakati. Chumba cha watu wawili pamoja na kifungua kinywa kilikuwa yuro 90 kwa usiku, chakula cha jioni unalipia mbali.

Mteremko wote huo ni mizeituni, na mingi ni aina ya moraiolo: zeituni zake ni ndogo, duara, na mti wenyewe unavumilia ardhi ya mawe. Kazi inaanza umande ukikauka. Nyavu zinatandazwa chini ya mti, wageni tunapewa vireki vya plastiki vya kuchania matawi, wenyewe wanashika fimbo ndefu za umeme zenye vidole vinavyotikisika. Kwenye picha watu huwa wanatabasamu. Ukikaa saa mbili nzima umeinua mikono juu, shingo inakaza na mabega yanawaka, na mti mmoja bado haujaisha. Mzee wa shamba hakutusukuma hata kidogo, nadhani alishajua uwezo wa watu wa mjini. Ila alikuwa mkali kwa jambo moja: zeituni zisirundikwe kwenye magunia. Zikirundikwa zinapata joto, zinaanza kuchacha, na mafuta yanaharibika kabla hata ya kukamuliwa. Zinawekwa kwenye kreti zenye matundu na kupelekwa kinuni siku hiyohiyo.

Hapo kinuni ndipo hela yangu ilipopata haki yake. Tulikwenda jioni, tukakuta foleni ya pikapu na trekta, kila familia imesimama karibu na kreti zake kama mtu anayelinda mzigo stendi, maana hakuna anayetaka zeituni zake zichanganywe na za jirani. Zinaoshwa, zinasagwa pamoja na kokwa, kisha ule uji mzito wa rangi ya udongo unakorogwa polepole, na joto halitakiwi kuzidi nyuzi 27. Baada ya hapo mashine inayozunguka kwa kasi inatenga maji na makapi. Harufu humo ndani ni ya majani mabichi yaliyokatwa, si ya mafuta kabisa. Mwisho kwenye bomba dogo kinatoka kitu cha kijani, kizito, chenye ukungu. Zeituni kilo 100 hutoa mafuta kilo 12, labda 15, na ukichuma mapema zikiwa bado za kijani unapata pungufu zaidi. Nilipoona hivyo niliacha kulalamikia bei ya lita moja.

Kinu kina meko pembeni. Mama mwenye shamba alichoma vipande vya mkate juu ya makaa, akavisugua kitunguu saumu, akaviloweka mafuta yaliyotoka pale pale, akanyunyiza chumvi. Chumvi ni lazima, kwa sababu mkate wa Umbria hautiwi hata chembe. Wenyeji hulihusisha hilo na kodi ya chumvi ya Papa Paulo III, iliyozua vita kati yake na mji wa Perugia mwaka 1540. Niliuma, nikameza, koo likawaka nikakohoa. Wazee wote wakafurahi: "Pizzica!", yaani yanawasha. Kumbe ndivyo inavyotakiwa. Mafuta mabichi yana uchungu na yanawasha koo, na ndiyo dalili ya ubora. Sisi tuliozoea kile kichupa cha duka la dawa, cha kupaka mtoto au nywele, tungeyarudisha tukidai yameharibika.

Mezani hawana mbwembwe. Supu ya adesi, dengu zilizochemshwa na kumiminiwa mafuta mapya, tambi nene za strangozzi. Trevi wana pia seleri yao nyeusi, sedano nero, wanayoifanyia soko mwezi Oktoba. Wanaijaza nyama, wanaikaanga, kisha wanaipika kwenye mchuzi wa nyanya. Wasiokula nguruwe wawe macho: ndani huwa na soseji ya nguruwe. Nilisema siku ya kuweka nafasi, na nikapikiwa dengu bila kununiwa. Ukisema ukiwa umeshakaa mezani, utakula mkate.

Kasoro ni chumba. Kuta za mawe, Novemba, na mitambo ya joto inawashwa jioni tu. Asubuhi nilipiga mswaki nimevaa koti. Nilipouliza, nikaletewa blanketi jingine, basi. Tangazo lao pia lilisema "mafuta kwa kila mgeni", na kumbe ni kichupa cha mililita 100. Lita niliyobeba niliinunua kwa yuro 15. Kama na wewe utanunua, tafuta lebo yenye mwaka wa mavuno na alama ya Umbria DOP, inayothibitisha kwamba mafuta yametoka huko huko, na kama unarudi kwa ndege iweke kwenye sanduku la mizigo, maana viwanja vingi vya ndege haviruhusu lita nzima kwenye begi la mkononi.

Kabla hujatuma malipo, uliza mambo mawili: kwenda kinuni kumo kwenye bei au la, na mvua ikinyesha inakuwaje. Mvua ikinyesha hakuna anayechuma. Wenzetu waliokuja siku mbaya walishinda jikoni wakisokota strangozzi na mama mwenye shamba, na hawakurudishiwa hata senti. Ingawa kwa jinsi walivyokuwa wakicheka, sikusikia hata mmoja akiidai.