Uzoefu wangu na Roland TR-08: kuwajua waasisi wa elektro na hip hop kwa vidole

Hii TR-08 niliinunua kwa mtu, ikiwa imeshatumika, na sababu yangu haikuwa kutengeneza biti za kuuza. Nilitaka kuwaelewa waasisi wa elektro (muziki wa dansi unaopigwa kwa mashine za ngoma na vinanda vya umeme) na hip hop kwa kufanya walichokifanya. Nyimbo zao nimezisikiliza miaka mingi na habari zao nimezisoma, lakini swali langu lilibaki palepale: walifanyaje? Sasa nimekaa nayo muda wa kutosha kusema ninavyoiona.

Kwa asiyeijua, hili ni toleo dogo la TR-808, au 808 kwa kifupi, mashine ya ngoma ambayo kampuni ya Roland ya Japani iliitoa mwaka 1980 na kuacha kuitengeneza mwaka 1983. Zilitengenezwa kama 12,000 tu. TR-08 ilikuja 2017, mwaka uleule aliofariki Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa Roland. Ile ya zamani ni ya kianalogi, yaani sauti inazaliwa na saketi za umeme. Hii inaiga saketi zake kidijitali. Inaingia kwenye mkoba wa kompyuta bila shida, inakula betri nne za AA au umeme wa USB, na ina kispika chake chenyewe.

Kispika hicho kisahau mapema. Kinakusaidia kusikia umebonyeza nini, basi. Roho ya mashine hii ni kiki, yaani ngoma kubwa, na sauti ya kiki ya 808 iko chini sana. Kwenye kispika kidogo unasikia tu "tk". Chomeka hedifoni nzuri au spika kubwa, kisha zungusha nobu ya Decay, inayoamua sauti ichukue muda gani kufifia, taratibu kuelekea kulia. Mwanzoni inagonga kavu. Ukifika katikati inaanza kuvuta. Ukiimaliza, pigo moja linabaki likinguruma chini hadi linagusana na pigo linalofuata, na vioo vya dirisha vinaitikia. Nilipofika hapo ndipo nilipomwelewa prodyuza Rick Rubin. Mwaka 1984 alitengeneza "It's Yours" ya rapa T La Rock na DJ Jazzy Jay, na karibu wimbo wote umesimama juu ya ngurumo hiyo. Hakuhitaji mpiga gitaa la besi. Besi ilikuwa ndani ya ngoma.

Ukweli ni kwamba 808 ilipotoka, wengi waliiona haifanani na ngoma za kweli, na walikuwa sahihi. Mwaka huohuo wa 1980 kulikuwa na Linn LM-1, mashine iliyobeba sauti za ngoma halisi zilizorekodiwa, lakini bei yake ilikaribia dola 5,000. 808 ilianza kwa dola 1,195 na ndani yake hapakuwa na rekodi yoyote: saketi ndiyo inayozaa sauti. Hata ule mchakacho wake, Kakehashi mwenyewe alieleza kwamba ulitokana na transista zenye kasoro ambazo Roland walizinunua makusudi. Viwanda vilipoboresha transista, zile zenye kasoro zikaadimika na 808 ikafia hapo. Nyingi zikaishia kwenye maduka ya vitu vya mitumba, zikapatikana kwa bei ya chini, na vijana wasio na pesa ya studio wakazichukua.

Sasa tuje kwenye vitufe. Chini kabisa vimepangwa 16, kwa rangi nne: vyekundu, vya chungwa, vya njano na vyeupe, vinne vinne. Kila kimoja ni hatua moja ndani ya kipande cha muziki. Unachagua sauti, unabonyeza hatua unazotaka, taa zinawaka, mashine inazunguka bila kuchoka. Weka kiki kwenye hatua ya 1 na ya 7. Weka snea (ile ngoma inayopasua) na makofi kwenye ya 5 na ya 13. Jaza hai-hati (matoazi madogo) hatua zote. Pandisha kasi ifike karibu mapigo 128 kwa dakika. Hapo utatabasamu, kwa sababu huo ndio uti wa mgongo wa elektro na mwili unautambua kabla akili haijapata jina la wimbo.

Kitu ambacho vitabu havikunipa kama mashine hii ilivyonipa ni uhusiano wa vitufe hivi na DJ Kool Herc. Herc, jina lake halisi Clive Campbell, mzaliwa wa Kingston, Jamaica, ndiye aliyepiga muziki kwenye sherehe ya dada yake Cindy pale 1520 Sedgwick Avenue, Bronx, New York, tarehe 11 Agosti 1973. Aliona wachezaji wanasubiri ile sehemu fupi ambapo bendi inanyamaza na ngoma zinabaki peke yake. Akachukua santuri mbili za wimbo mmoja, akawa anairudia sehemu hiyo, hii ikiisha anaingiza ile. Grandmaster Flash, mzaliwa wa Barbados aliyesomea umeme na elektroniki shule ya ufundi hukohuko Bronx, akaufanya ufundi huo uwe wa usahihi kabisa, akiweka alama juu ya santuri ajue pa kurudi. Ukikaa mbele ya hatua 16 zinazozunguka unaona wazi kwamba ni wazo lilelile: kipande kifupi, kirudi, kirudi tena, na ustadi wako uko kwenye unachobadilisha kinaporudi. Kwa hiyo mashine haikuja kuwapindua madijei. Iliingia mahali ambapo walikuwa wameshaandaa.

"Planet Rock" ya Afrika Bambaataa, DJ wa Bronx, na kundi lake Soulsonic Force, ya mwaka 1982, ndiyo niliyokaa nayo kuliko zote. Arthur Baker ndiye prodyuza, John Robie akapiga vinanda, na Tom Silverman wa kampuni ya rekodi ya Tommy Boy akaitoa. 808 hawakuwa nayo. Baker ameeleza kwamba waliona tangazo gazetini, kijana mwenye mashine anakodishwa kwa dola 20, wakamwita studio na kumwelekeza apange mapigo ya "Numbers" ya Kraftwerk, bendi ya Ujerumani. Melodi ikatoka kwenye "Trans-Europe Express" ya hao hao Wajerumani. Ule mlipuko wa okestra unaosikika humo ni sauti iliyokuwa kwenye kompyuta ya muziki ya Fairlight, na asili yake ni muziki wa mtunzi Stravinsky. Nilipoanza kuupanga mdundo wao hatua kwa hatua, niliona nguvu yake haiko kwenye wingi wa mapigo. Iko kwenye kengele, ile "ko-ko" ya chuma, inayokaa mahali usipoitarajia huku kila kitu kingine kimenyooka. Ukiiondoa, wimbo unabaki wima. Ukiirudisha, mabega yanaanza kucheza yenyewe.

Kutoka hapo nilihamia Los Angeles kwa Egyptian Lover, ambaye mwaka 1984 alitoa "Egypt, Egypt". Huyu kwangu ndiye mwalimu mkuu wa chombo hiki, kwa sababu aliipiga 808 jukwaani mbele ya umati, akibadilisha mapigo palepale. TR-08 inakuruhusu kujaribu hilo: mdundo unaendelea huku unaongeza na kupunguza hatua. Detroit ni habari nyingine. Juan Atkins na Rick Davis, yaani kundi la Cybotron, walitoa "Alleys of Your Mind" mwaka 1981, kabla ya "Planet Rock", na "Clear" mwaka 1983. Muziki wao unabebwa zaidi na vinanda, hivyo mashine ya ngoma peke yake inakufikisha mlangoni tu. Kundi la rap la Run-DMC nao usiwatafute humu, "Sucker M.C.'s" ya 1983 imepigwa kwa Oberheim DMX, mashine nyingine ya ngoma, na ukizilinganisha sauti mbili hizo masikio yako yatakua.

Nisichokipenda ni udogo wa nobu. Zimebanana, na mwenye vidole vinene atagusa Tone akitaka Level. Baadhi ya mambo mazuri, kama kutuni sauti na kompresa (inayosawazisha nguvu ya sauti) ya kiki na snea, yamefichwa nyuma ya kioo kidogo na menyu yake. Soma mwongozo kabla ya kukata tamaa. Kuhusu kama inafanana na ile ya 1980, wenye mashine zote mbili hubishana. Mimi kwa kazi ya kujifunza sijaona upungufu, na ile ya zamani leo inauzwa maelfu ya dola.

Kama shida yako ni sauti za 808 tu kwenye kompyuta, usinunue. Zipo za bure tele. Naipendekeza kwa mwalimu wa muziki, kwa DJ anayetaka kujua biti inazaliwaje, na kwa yeyote aliyewahi kurudisha wimbo nyuma mara nyingi akitafuta pigo moja. Ilipotoka ilikuwa kama dola 400. Ukiipata ya mkono wa pili, zungusha kila nobu ukiwa umevaa hedifoni usikie kama inakwaruza, bonyeza vitufe vyote 16 uone taa zake, chomeka USB kwenye kompyuta, na usimpe muuzaji pesa kabla hujaisikia kiki ikiwa na Decay hadi mwisho.